Kabla Fundi Hajapanda Paa Lako: Jinsi ya Kumkagua Mwanakandarasi Jijini Nairobi

Mvua ikikaribia, maswali huwa yale yale. "Nimeonyeshwa cheti cha NCA, ile mamlaka ya ujenzi, kinatosha?" "Nitajuaje kama ana bima ya kweli?" "Mtu wake akianguka kwangu, nani analipa hospitali?" Na lile la mwisho, ambalo huja kwa sauti ya chini: "Nimeshalipa nusu, sasa nifanyeje?"

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba, si wa mtu wa mjengo. Huenda unabadilisha mabati Umoja, unaezeka nyumba mpya Ruai, au una vigae vinavyovuja South B. Huhitaji kujua ujenzi. Unahitaji subira, simu, na ujasiri wa kuuliza maswali ambayo fundi hajazoea kuulizwa.

Nadharia ni moja tu, nayo ni hii: fuata jina. Cheti bandia kipo, lakini kinachowasumbua watu zaidi ni cheti halali cha mtu mwingine. Mwenye kampuni iliyosajiliwa anamwazima binamu yake karatasi, binamu anachukua kazi, kisha anaokota vibarua kando ya barabara asubuhi hiyo hiyo. Kila hatua hapa chini inauliza swali moja: mtu atakayesimama juu ya paa lako anaunganishwa na karatasi hii kwa njia gani?

Kabla ya kuanza, kuwa na hivi

- Akaunti ya eCitizen na simu yenye intaneti.
- Majina ya mafundi au kampuni tatu. Ukiwa na mmoja tu huna wa kumlinganisha naye, na utajikuta unamtetea.
- Picha za paa lako, umri wa nyumba, na mahali nyaya za umeme zinapopita.
- Pesa kidogo ya ada za utafutaji na nauli.
- Asubuhi mbili za siku za kazi. Jumapili hutakuta mtu saitini.
- Muda. Anza mapema, Januari kwa mvua ya masika inayoanza Machi, au Agosti kwa ile ya Oktoba. Anayetafuta fundi huku ndoo ziko sebuleni hakagui kitu.

Hatua ya 1: Jua kazi yako ni ipi

Kuziba matundu mawili, kubadilisha mabati yote, na kuondoa paa ili uongeze ghorofa ni kazi tatu tofauti. Ya kwanza inaweza kufanywa na fundi mmoja mwenye msaidizi. Ya pili inahitaji mwanakandarasi aliyesajiliwa na kikosi chenye vifaa vya kupandia. Ya tatu inahitaji kibali cha kaunti, msanifu na mhandisi, na mwongozo huu peke yake hautakutosha.

Nyumba ikiwa ya zamani, angalia kwanza kama paa ni la asbesto: mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi, yanayofanana na saruji na yanayovunjika badala ya kupinda. Vumbi lake huleta magonjwa ya mapafu, saratani ikiwemo. Asbesto ni taka hatari kisheria, na anayeisafirisha anatakiwa awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Fundi akikwambia "hiyo tutavunja tu, tupeleke Dandora," mshukuru kwa muda wake na umfungulie lango. Usijadiliane naye bei.

Hatua ya 2: Omba karatasi zote kwa ujumbe mmoja

Usiombe moja moja. Ukiomba moja leo na nyingine wiki ijayo, unampa nafasi ya kuzitafuta kwa marafiki. Tuma kitu kama hiki:

*"Habari fundi. Kabla hatujakubaliana bei naomba unitumie: namba ya usajili wa NCA na leseni ya mwaka huu, cheti cha kampuni, PIN ya KRA, bima ya wafanyakazi ya WIBA, majina ya watakaopanda paa, na mahali pawili mlipofanya kazi: pa kwanza palipokamilika zaidi ya mwaka mmoja uliopita, na pa pili mnapofanya sasa hivi. Asante."*

Kisha subiri. Jinsi anavyojibu ni habari tosha. Mtu mwenye karatasi huzituma siku hiyo au kesho yake, hata kama picha imepigwa vibaya. Asiye nazo hukupigia simu badala ya kuandika, akuambie amefanya kazi ya mbunge fulani.

Tahadhari: ukitumiwa vitambulisho vya watu, vitunze. Kuvirusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa "ili majirani wamjue" ni kuvunja faragha ya mtu, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019.

Hatua ya 3: Hakiki NCA mwenyewe

Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Sheria hiyo inakataza mtu kufanya biashara ya ukandarasi bila kusajiliwa. Fungua tovuti yao, nca.go.ke, uende kwenye sehemu ya kutafuta wanakandarasi, uandike jina la kampuni. Andika anwani hiyo mwenyewe. Usibofye kiungo alichokutumia fundi.

Angalia mambo manne.

Kwanza, jina lifanane herufi kwa herufi na lililo kwenye cheti.

Pili, leseni. Usajili na leseni ni vitu viwili, na leseni huhuishwa kila mwaka. Cheti kilichowekwa kwenye fremu ofisini kinaweza kuwa cha kampuni ambayo haijalipia leseni kwa miaka. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu cheti kinaonekana kizuri na tarehe iko chini kwa maandishi madogo.

Tatu, aina ya kazi. NCA husajili kwa aina: majengo, barabara, maji, umeme na kadhalika. Aliyesajiliwa kwa barabara hajasajiliwa kwa paa lako.

Nne, daraja. Ni kuanzia NCA 1 hadi NCA 8, na 1 ndiyo ya miradi mikubwa kabisa. Kwa paa la nyumba ya kawaida, daraja la chini linatosha kabisa. Kwa kweli kampuni ya NCA 1 ikigombania kazi yako ya mabati arobaini, jiulize kama ni kampuni yenyewe au ni mtu mwenye picha ya cheti chake kwenye simu.

NCA pia huidhinisha mafundi mmoja mmoja na wasimamizi wa saiti, na kuwapa kadi. Omba kadi ya msimamizi atakayekuwa kwako kila siku, kisha uwapigie NCA uwasomee namba yake. Usione haya kuuliza, ni kazi yao kujibu.

Hapa naomba nitoe dukuduku. Nairobi kila aliyevaa kofia ngumu huitwa "injinia". Wahandisi husajiliwa na bodi yao, EBK, na jina hilo lina ulinzi wa sheria. Fundi akijiita injinia mwulize namba yake ya EBK, kwa upole. Akicheka na kusema "aah, ni vile watu huniita," huyo ni mkweli, endelea naye. Akikasirika, umejua.

Hatua ya 4: Kampuni ni ya nani?

Kwenye eCitizen, ingia Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, uombe CR12 ya kampuni hiyo. Ni karatasi inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Kama ni jina la biashara tu wala si kampuni, utafutaji upo pia, nao hukuonyesha mwenyewe ni nani.

Sasa linganisha. Je, unayezungumza naye ni mmoja wa hao? Kama siyo, ana barua ya kampuni inayomruhusu kutia saini na kupokea pesa? Barua hiyo isainiwe na mkurugenzi aliye kwenye CR12, nawe umpigie mkurugenzi huyo. Swali ni moja: "Je, kazi hii unaijua?" Ukimya unaofuata swali hilo una maana.

Kisha iTax ya KRA ina sehemu ya kukagua PIN na nyingine ya kukagua cheti cha kulipa kodi. Dakika tano zinatosha. Jina la PIN lifanane na la kampuni. Kama ana PIN yake binafsi tu, basi unaingia mkataba na yeye binafsi, hata kama fulana yake imeandikwa jina la kampuni.

Kipimo cha haraka zaidi kiko mfukoni mwako. Mwombe namba ya malipo ya kampuni, uanze kutuma shilingi kumi. M-Pesa itakuonyesha jina kabla hujathibitisha. Likija jina la mtu ambaye hayumo kwenye karatasi yoyote, katisha.

Hatua ya 5: Bima, na usisome jalada tu

Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, ambayo kila mtu huiita WIBA, inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Mwanakandarasi asipokuwa nayo na kibarua wake akivunjika mgongo uani kwako, familia itamtafuta mwenye pesa aliye karibu. Mara nyingi huyo ni wewe, mwenye nyumba ambayo haihami. Kuna pia Sheria ya Dhima ya Wamiliki wa Majengo, Sura ya 34, inayomhusu mwenye eneo.

Ukishika karatasi ya bima, tafuta haya:

- Jina la mwenye bima liwe lile lile la NCA na la CR12.
- Tarehe zifunike siku zote za kazi yako, pamoja na zile atakazochelewa. Na atachelewa.
- Kazi iliyoandikwa. Bima iliyokatwa kwa "makarani wa ofisi" haimfuniki mtu aliye mita sita juu ya ardhi. Iandikwe ujenzi, na ikiwezekana kuezeka au kazi za juu.
- Idadi ya wafanyakazi. Hii ndiyo wengi hawaisomi. Ada ya bima huhesabiwa kwa mishahara, hivyo kuna wanaotangaza watu watatu na kuleta kumi na wawili. Kama karatasi inasema watatu, uliza hao tisa ni wa nani.
- Vibarua wa siku. Je, wamo, au ni wale wa kudumu pekee?

Halafu piga simu kwa kampuni ya bima. Usitumie namba iliyo kwenye karatasi ya fundi. Tafuta namba kwenye tovuti ya kampuni ya bima yenyewe, na uhakikishe kampuni hiyo imo kwenye orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA. Soma namba ya bima, uulize: ipo hai, na imelipiwa? Bima inaweza kuwa imeandikwa ipasavyo na ada haijalipwa.

WIBA inawalinda wafanyakazi wake. Haigusi gari la jirani litakaloangukiwa na bati. Kwa hilo kuna bima ya madhara kwa watu wengine. Ukiishi mahali nyumba zimebanana, kama Kayole au Pipeline, isisitize. Ukiwa peke yako kwenye ekari moja, ni uamuzi wako.

Hatua ya 6: Rekodi ya usalama

Hapa ndipo pagumu, na ndipo pa kukaa sana. Usitarajie kuandika jina la fundi mahali fulani mtandaoni upate orodha ya ajali zake. Rekodi utaiunda wewe kwa vipande.

*Kipande cha kwanza, DOSHS.* Hii ni Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, chini ya wizara ya kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kuiarifu ndani ya saa 24 mfanyakazi akifa kazini, na kupeleka taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Kwa hiyo mwanakandarasi anayefuata sheria ana nakala za taarifa hizo na daftari la ajali. Mwombe aonyeshe daftari. Huhitaji majina ya walioumia, angalia tu kama lipo na kama limeandikwa kwa miaka au limenunuliwa jana. Kama ana karakana au ghala, uliza pia cheti cha DOSHS cha usajili wa mahali pa kazi. Akiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, sheria hiyo hiyo inamtaka awe na kamati ya usalama. Uliza nani yumo.

*Kipande cha pili, mahakama.* Tovuti ya Kenya Law huchapisha hukumu, na kuisoma ni bure. Andika jina la kampuni, kisha majina ya wakurugenzi uliyoyapata kwenye CR12, moja moja. Kesi za majeraha kazini hukatiwa rufaa mara kwa mara, na hukumu hueleza kila kitu: mtu alianguka kutoka wapi, alipewa mkanda au la, mwajiri alijitetea vipi. Soma utetezi hasa. Mwajiri aliyesema mahakamani kuwa "huyo hakuwa mfanyakazi wangu" wakati alikuwa kwenye paa lake atasema hivyo hivyo tena. Si kesi zote zinafika pale, kwa hiyo ukurasa mtupu haumsafishi mtu. Wala kesi moja haimhukumu.

*Kipande cha tatu, swali.* Mkiwa mmekaa, mwulize: "Mara ya mwisho mtu wenu kuumia ilikuwa lini, na mlibadilisha nini baada yake?" Watu wengi hufurahi wakisikia "hatujawahi kupata ajali". Mimi humwamini zaidi anayesema: kijana aliteleza kwenye bati lenye umande, akatoka na mkono uliovunjika, bima ikalipa, siku hizi hatupandi kabla jua halijakausha. Mtu aliyeezeka kwa miaka mingi bila hata msumari kumchoma mtu ama ana bahati ya ajabu, ama haandiki.

*Kipande cha nne, vibarua.* Hawa wanajua yote. Utawapata kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 7: Nenda saiti yake bila kumwambia

Alikupa mahali anapofanya kazi sasa. Nenda asubuhi ya katikati ya wiki, ukiwa na muda. Simama nje ya lango uangalie juu kabla hujasalimia mtu.

Ngazi: imefungwa juu, au kuna kijana ameishika huku anaongea na simu? Ngazi iliyowekwa vizuri huzidi ukingo wa paa kwa karibu mita moja, na mguu wake hukaa mbali na ukuta kwa kama robo ya urefu wake wa kwenda juu. Iliyosimama wima kama mlingoti itamrudisha mtu nyuma.

Mikanda ya usalama: usihesabu tu iliyovaliwa. Fuata kamba kwa macho hadi mwisho wake. Imefungwa kwenye nini? Kamba iliyofungwa kwenye gata au kwenye ubao wa fashia ni pambo. Na mkanda uliovaliwa bila kamba ni wa kupigia picha.

Nyaya: mabati marefu yanapitishwa wapi? Bati la mita nne linalopandishwa karibu na waya wa umeme ni njia fupi ya kwenda mochari. Mwenye akili huzungumza na Kenya Power kabla ya kuanza, au hupandishia upande mwingine wa nyumba.

Chini: kuna kamba au utepe wa kuzuia watu wasipite mahali pa kuangukia vitu? Misumari ya zamani imekusanywa, au watoto wanatembea juu yake?

Mabati yanayopitisha mwanga na mabati yaliyooza: wanayakanyaga, au wameweka mbao za kutembelea? Watu huanguka pia kwa kupenya paa, si kwa kuteleza ukingoni tu.

Kisha subiri chai ya saa nne. Kama una moyo, nunua mandazi. Ukae na vibarua, uulize kwa kawaida tu: ukiumia hapa nani anakupeleka hospitali? Mkanda ni wa kampuni au unajinunulia? Mnalipwa kila siku au mnaambiwa wiki ijayo? Usiwaulize mbele ya msimamizi, utawaharibia kazi. Na usimsahau mama wa kibanda anayewauzia githeri. Kama mwanakandarasi ana deni kwake la mwezi mzima, utalisikia kabla sahani haijafika mezani.

Hatua ya 8: Tembelea paa alilomaliza

Liwe limepitia angalau masika moja na vuli moja. Paa jipya halivuji, hata la fundi mbaya.

Huhitaji kupanda. Kaa ndani, tazama dari kwa madoa ya manjano, hasa kwenye pembe, karibu na bomba la moshi, na mahali paa mbili zinapokutana. Nje, angalia kama misumari imepigwa kwenye mgongo wa wimbi la bati na si bondeni ambako maji hupita. Angalia mstari wa ukingo: umenyooka au unacheza?

Mwulize mwenye nyumba: alimaliza lini ukilinganisha na alivyoahidi? Bei ilipanda njiani? Ulipompigia baadaye, alishika simu? Na hili: watu waliokuja ndio uliokubaliana nao? Ukiweza, mwulize pia mlinzi wa jirani. Hana sababu ya kumpamba mtu.

Tahadhari: fundi akikupeleka mwenyewe hadi kwenye nyumba ya "mteja" na mteja huyo anaongea kama amekariri, rudi peke yako siku nyingine.

Hatua ya 9: Andikeni, kisha ulipe kwa vipande

Mkataba wa kurasa mbili unatosha. Uwe na jina kamili la kampuni na namba ya NCA, namba ya bima, jina la msimamizi wa kila siku, aina na geji (unene) ya mabati, siku za kazi, na kifungu kinachokataza kumpa mtu mwingine kazi bila idhini yako ya maandishi. Kifungu hicho kina thamani kuliko vingine vyote. Ongeza kwamba anayepanda bila mkanda anashuka, na siku hiyo haihesabiwi kama ucheleweshaji wako.

Malipo: nunua vifaa mwenyewe moja kwa moja kiwandani au dukani ukiweza, ukiangalia alama ya KEBS, shirika la viwango, na geji iliyopigwa kwenye bati. Kazi ilipe kwa hatua: mbao zikikamilika, mabati yakikamilika, gata na umaliziaji. Bakiza asilimia 10 hadi mvua kubwa ya kwanza inyeshe. Watapinga. Wengi hukubali ukiwaandikia tarehe ya mwisho ya kulipa hata kama mvua haitanyesha.

Hatua ya 10: Asubuhi ya kwanza

Kuwepo. Piga picha ya leseni karibu na lango, linganisha majina ya orodha na watu waliofika, angalia mikanda na ngazi. Kama watu ni wengine, kazi haijaanza. Hili litakukera na kukuchelewesha nusu siku, lakini usilegeze kamba: baada ya bati la kwanza kung'olewa huna nguvu tena, kwa sababu nyumba yako iko wazi.

Ukikwama

*Jina halionekani kwenye NCA.* Jaribu bila neno la mwisho la "Limited", jaribu tahajia nyingine, kisha tumia namba ya usajili. Bado? Wapigie. Usikubali "mfumo uko chini" kutoka kwa fundi. Hilo ni la NCA kukuambia.

*Hana kampuni, ni fundi tu, lakini kazi yake ni nzuri.* Kwa kuziba tundu, sawa. Chukua nakala ya kitambulisho, kadi ya NCA kama anayo, na majina ya wateja wawili. Hakikisha ana ngazi nzuri na mkanda, na kama hana, nunua au ukodishe wewe. Kwa paa zima, mwambie ajiunge chini ya mwanakandarasi mwenye bima. Mafundi wazuri wanawajua.

*Bei yake iko chini sana kuliko wengine wawili.* Mwombe aigawe: mbao, mabati, misumari, kazi, usafiri, bima. Upungufu utauona hapo. Mara nyingi ni geji ya bati iliyoshushwa au bima iliyoachwa.

*Anataka asilimia 70 kabla ya kuanza.* Mwambie vifaa utanunua wewe. Akikataa hata hivyo, pesa hizo ni za kumalizia kazi ya mtu mwingine.

*Bima imeisha katikati ya kazi.* Simamisha watu walio juu, funika paa kwa turubai, umpe siku za kuihuisha. Usikubali "tumalize tu hii pembe".

*Nimeshalipa na ameyeyuka.* Kusanya ujumbe, mkataba na rekodi za M-Pesa. Dai lisilozidi shilingi milioni moja unaweza kulipeleka Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ilianza Milimani mwaka 2021. Sheria yake inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60, na unaweza kwenda bila wakili. Andikia pia NCA malalamiko ukitaja namba yake ya usajili. Kama alitumia cheti cha mwingine, mjulishe mwenye cheti. Hapo ndipo simu zitaanza kupokelewa.

*Mtu ameanguka.* Usimwinue, usimkalishe, usimpe maji. Piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, useme wazi kwamba ameanguka kutoka juu ili waje na kitanda cha mgongo. Teremsha wengine wote. Piga picha za ngazi, kamba na mahali alipoangukia kabla mtu hajasogeza kitu, na uandike majina ya waliokuwepo. Mtake mwanakandarasi aripoti DOSHS na kwa bima yake siku hiyo hiyo, akuachie nakala. Akianza kukwambia mlimalize hapo hapo "kibinadamu", piga DOSHS wewe mwenyewe.